Stakabadhi Namba 510510

Mizani ya banda letu Kyimbila ina kutu begani,
huanza kuhesabu kutoka nusu kilo, kama mtu aliyezaliwa na deni.
Naijua. Naitoa nusu hiyo kila mara,
kisha naandika jina, kilo, tarehe.
Namba ya juu, ya wino mwekundu, inatoka kiwandani.
Siichagui mimi.

Jumanne ile mlima Rungwe wote ulikuwa ndani ya wingu.
Chai ilikuja imelowa, tukakata kilo mbili za maji,
wachumaji wakanuna kama kawaida.
Nikafunua ukurasa:
510510.

Nikasahau foleni.
Mia tano na kumi, halafu tena mia tano na kumi,
kama mtu aitaye ng'ambo ya mto Kiwira
na bonde likamrudishia sauti yake.
Aliyefundishwa na mwalimu Ambakisye
(mimi hadi kidato cha pili, ada ikaishia hapo)
anajua: tarakimu tatu zikijirudia hivyo,
namba imebeba elfu moja na moja tumboni,
na humo zimelala saba, kumi na moja, kumi na tatu.
Ikabaki mia tano na kumi. Nikaipasua kwa kalamu juu ya boksi:
mbili, tatu, tano, kumi na saba.

Namba tasa saba za kwanza.
Hakuna iliyorukwa, hakuna iliyoingia mara mbili.

"Unachekea nini jasho langu?"
Sekela. Kilo kumi na saba, kikapu bado mgongoni.

Nikamweleza. Tuseme ni majani, laki tano na ushee.
Yagawe kwa watu wawili, kwa watatu, kwa watano,
kwa saba, kumi na mmoja, kumi na watatu, kumi na saba,
halibaki hata jani la kufutia jasho.
Ni kwa sababu ya hizi tasa saba, ukizizidisha...

"Tasa?"

Neno lilikuwa limeshatoka.
Banda zima linajua alivyorudishwa kutoka Ikuti
na godoro na sufuria mbili, mwaka wa saba wa ndoa.
Mvua ikapiga bati. Nikasema ni jina tu, la vitabuni,
ni namba isiyogawanyika
ila kwa moja na kwa yenyewe.

"Na zile nyingine zinatoka wapi?"
Kwa hizo hizo.
"Zote?"
Kuanzia mbili kwenda juu, zote. Ama ni tasa, ama zimetoka kwa tasa.

Akashusha kikapu polepole.
"Basi aliyezipa jina hakuwa na mizani."
Kisha: "Hiyo ya kugawiwa kila mtu mpe mwingine.
Mimi niandikie inayofuata."

Nikamwandikia. 510511.
Akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka, hakusema ndaga.

Usiku niliitoa kwenye nakala, nikaiweka chini ya taa.
Kwa mbili, inabaki moja.
Kwa tatu, moja. Kwa tano, moja.
Zile saba zote zilipita mlangoni mwake
na kila moja ikaacha moja ileile.
Nikasema, nayo ni tasa. Nikaona haya kwa niaba ya hesabu.

Lakini sikulala. Kwa kumi na tisa ikafunguka,
bila kelele, kama komeo lililopakwa mafuta.
Kilichobaki kilinisumbua hadi Alhamisi:
tisini na saba, mara mia mbili sabini na saba.
Tasa tatu za mbali, ambazo hakuna aliyezitaja.

Ijumaa alikuja. Nilikuwa nimeziandika kiganjani.
"Ilikuwa tasa, ile yangu?"
Hapana, nikasema. Ina zake tatu ndani. Ni kubwa.
Akaangalia kiganja muda mrefu,
kisha akaangalia mlima.
"Pima, bwana. Mvua inashuka."

Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukatulia.
Nikatoa nusu ya kutu.
Kumi na tisa.